Siku nane Réunion, kumfuata ndege wa baharini hadi mlimani

Daftari langu lililowa mlimani, nikalianika juani siku mbili kabla ya kuanza kuandika haya. Kurasa za siku ya tano zimefutika wino, hivyo sehemu hiyo nimeijenga upya kwa picha za simu na kwa kukumbuka.

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Malindi. Kila mwezi wa nane huenda Watamu kuwatazama membe wanaotaga kwenye Kisiwa cha Whale, na kwa miaka mingi niliamini kwamba ndege wa baharini hutaga karibu na maji. Kisha nikasoma habari za petreli wa Barau. Huyu huishi baharini maisha yake yote, hula ngisi na samaki wadogo, lakini akitaka kutaga hupanda zaidi ya mita 2,000 kwenye mlima wa volkano wa Piton des Neiges, kisiwani Réunion, akachimba shimo kwenye magenge yenye ukungu na baridi. Wanasayansi walimwelezea mara ya kwanza mwaka 1964, na wakampa jina la Armand Barau, mkulima na mtazamaji ndege wa kisiwa hicho. Viota vyake vya mlimani vilikuja kujulikana mwaka 1995 tu, wakati mimi tayari niko shule ya msingi. Nikasema nitamwona huyu kabla sijazeeka, na nikaweka akiba miaka miwili.

Siku ya 1: Nairobi, Mauritius, Saint-Denis

Treni ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Ndege ya kwenda Mauritius saa nne angani, kusubiri saa tano, kisha safari ya dakika 45 hadi Réunion. Tiketi ya kwenda na kurudi ilinigharimu shilingi 78,000, nami niliikata miezi mitatu mapema.

Kwa wenye pasi kama yangu, anzeni na viza. Réunion ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946, na pesa yake ni yuro, lakini viza ya kawaida ya Schengen haikuingizi kule. Ombi lenyewe lazima litaje Réunion. Yangu ilichukua wiki tano. Beba karatasi zote mkononi: bima, mahali pa kulala kila siku, tiketi ya kurudi.

Afisa wa uhamiaji aliuliza ninakuja kufanya nini. Kifaransa changu ni cha kuombea maji, nikamwonyesha darubini na picha ya ndege kwenye simu. Uso ukamkunjuka. "Taille-vent!" akasema, akapiga muhuri. Hilo ndilo jina la wenyeji, mkata upepo. Nililirudia moyoni hadi nikalala.

Siku ya 2: Saint-Denis hadi Saint-Louis

Asubuhi nilinunua sambusa mtaani, ndogo kiasi cha kumezwa kwa mara mbili, na nyingine za pembetatu zenye jibini ndani. Wanaziita samoussa. Zililetwa na Wahindi wa Gujarati kama zilivyokuja kwetu, na pilipili yake ni ileile. Msikiti wa Noor-e-Islam uko katikati ya mji, umezungukwa na maduka ya vitambaa, na kwa dakika kumi hivi nilisahau kwamba siko Mombasa.

Basi la kwenda kusini hupita kwenye daraja jipya lililojengwa juu ya bahari, kilomita 5.4, lililofunguliwa mwaka 2022. Kaa dirisha la kushoto. Upande huo kuna genge jeusi linalosimama wima, na mbele yake wanazunguka ndege weupe wenye manyoya mawili marefu mkiani, marefu karibu kama mwili wenyewe. Wenyeji huwaita paille-en-queue, wenye unyasi mkiani. Nilihesabu sita kabla daraja halijaisha.

Saint-Louis nilipata chumba cha yuro 45, siku zile kama shilingi 6,300. Saa tisa unusu nikatembea kwa miguu hadi Étang du Gol, ziwa dogo karibu na ufuo wa mawe na mchanga mweusi. Watazamaji ndege wote hukushauri hivyo hivyo: fika saa mbili kabla ya jua kuzama, geukia bahari, ngoja.

Nilingoja. Upepo ulinijaza chumvi kwenye miwani. Saa kumi na dakika arubaini akatokea wa kwanza, kijivu juu, mweupe tumboni, paji la uso jeupe, na chini ya bawa mstari mweusi kama uliochorwa kwa wino. Hakupiga mabawa. Alijiinua na upepo kama tiara, akapinda, akapita juu yangu akielekea nchi kavu, moja kwa moja kwenye lile wingu lililoufunika mlima. Baadaye watatu kwa pamoja. Hadi giza kuingia nilikuwa nimehesabu 17. Ni wachache, kwa sababu mwisho wa Aprili wazazi wengi wameshaondoka. Anayetaka kuona makundi aje Oktoba hadi Februari.

Mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa ndoano alikuja kusimama karibu nami. Hatukuwa na lugha moja. Alinyoosha kidole angani, akafanya ishara ya bunduki, kisha akatikisa kichwa na kufuta mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Nilimwelewa, kwa kuwa nilikuwa nimesoma: mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu kisiwani humu walikuwa wakiwapiga risasi ndege hawa. Sasa sheria inawalinda. Alinipa samaki wawili wadogo nikampelekee mwenye nyumba anipikie.

Siku ya 3: Barabara ya kona mia nne

Hivyo ndivyo inavyoitwa njia ya kwenda Cilaos, na dereva wa basi hupiga honi kwenye kila kona. Nauli haifiki yuro tatu. Kuna mahandaki ambayo basi hupita kwa kukunja vioo, na mahali barabara inajipita juu yenyewe kwa daraja. Wenye kichefuchefu wakae mbele na wasinywe chai.

Karibu nami alikaa bibi aliyejifunga leso, kikapu mapajani. Leso ile ndiyo iliyonipa moyo. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi."

Alinitazama muda. "Marahaba, mwanangu. Nani wako huku?"

Alikuwa Mngazija aliyezaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake akiwa msichana. Huku kwao sasa ni miaka thelathini, wajukuu wake wanasema Kikreoli tu. Alikuwa akipeleka dawa kwa binti yake. Aliponiuliza nimefuata nini nikamwambia ndege, akaniuliza mara mbili kama nimesikia swali. Kisha akafungua kikapu, akanipa mkate wa kumimina uliofungwa kwenye jani la mgomba. Mkate wa kumimina, kwenye kona ya mia mbili na ngapi sijui! Tulipofika alimwambia binti yake anipeleke hadi nyumba ya wageni, nami sikulipa teksi.

Cilaos iko mita 1,200 juu, ndani ya bonde la duara lililozingirwa na magenge pande zote. Ni mji wa dengu. Dengu zao ni ndogo, za rangi ya udongo, na hupikwa na binzari, thumu na kitunguu mpaka zinakuwa nzito. Pamoja na wali na achari, sahani ni yuro 12. Mwislamu aulize kabla ya kuagiza, maana soseji za rougail, mchuzi wa nyanya wa huku, kwa kawaida ni za nguruwe. Mimi nilikula dengu na samaki siku zote na sikuchoka.

Usiku nilitoka nje nikakuta mji mzima uko gizani. Nilidhani umeme umekatika, kama kwetu. Mwenye nyumba akanionyesha karatasi ukutani: katika wiki za Aprili taa za barabarani huzimwa kwa ajili ya petreli, na si hapa tu, manispaa nyingi za kisiwa hushiriki usiku wa bila taa. Nyota zilikuwa chini, kama zinashikika.

Hapa nieleze kidogo. Kinda wa petreli huachwa na wazazi akiwa amenona, hubaki peke yake shimoni mpaka manyoya yamekomaa, halafu usiku mmoja anatoka na kuruka kwa mara ya kwanza maishani. Hana wa kumfuata. Hushika mwanga hafifu wa anga juu ya bahari. Kati ya mlima na bahari siku hizi kuna taa za barabara, za viwanja vya mpira, za hoteli. Akizifuata huanguka, na akishaanguka kwenye ardhi tambarare ni vigumu sana kujiinua tena, kwa kuwa mabawa ni marefu na miguu iko nyuma mno. Paka na magari humkuta hapo. Wavuvi wa dagaa wa kwetu wanaijua vizuri kazi ya taa usiku wa giza la mwezi. Karabai ile ile inayowakusanya dagaa ndiyo inayomwangusha huyu. Ndiyo maana nilichagua wiki ya giza.

Siku ya 4: Mvua

Mvua kutwa, njia ya mlimani ikafungwa. Nikakosa usiku niliokuwa nimelipia kwenye kibanda cha wapanda mlima, ingawa kwa simu waliweza kunihamishia kesho yake.

Lakini siku hiyo ndiyo niliyoandika kurasa nyingi kuliko zote. Binti wa mwenye nyumba anajua Kiingereza, akanitafsiria maneno ya baba yake. Juu ya Cilaos, zaidi ya mita 2,000, kuna kibonde kilichojificha ambako watu waliokuwa wakitafuta petreli walikuta vibanda viwili vya mawe. Baadaye wakaja waakiolojia, wakachimba, wakathibitisha kwamba palikuwa maficho ya watumwa waliotoroka. Katika majivu yao walikuta mifupa ya petreli. Watu wale waliponea ndege huyu.

Nilimuuliza watumwa hao walitoka wapi. Akasema Madagaska na Afrika. Nikakaa kimya, kwa sababu hilo la Afrika najua linaanzia wapi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa hivi, Bourbon na Île de France, ambavyo leo ni Réunion na Mauritius. Sijui aliyelala kwenye kile kibanda cha mawe alikuwa mtu wa wapi. Lakini nilifikiria mtu wa pwani, aliyezoea joto na minazi, akiwa kule juu kwenye baridi, anasikia usiku sauti za ndege wa baharini zinatoka ardhini. Bahari ilikuwa imemfuata hadi mlimani. Mzee alinimiminia chai nyingine, tukasikiliza mvua.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo hadi leo ni sikukuu.

Siku ya 5: Kupanda

Njia huanza mahali panapoitwa Le Bloc, kama mita 1,380, na kibanda cha Caverne Dufour kiko karibu mita 2,480. Vijana walinipita wakikimbia. Mimi nilichukua saa nne na nusu, nikitweta, nikishika mizizi. Ngazi za mawe na magogo haziishi. Kwanza msitu wenye kuvu na majimaji, kisha miti inapungua kimo, na juu kabisa ni vichaka vya majani membamba vinavyofika kiunoni. Kindege kidogo cha tec-tec kilinifuata kutoka kichaka hadi kichaka, bila woga wowote, kikitazama kama nitaangusha makombo.

Kitanda na chakula cha jioni havikufika yuro 60. Agizeni miezi kadhaa mbele. Bebeni koti zito, kofia, glavu na taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, pamoja na maji ya kutosha. Mimi mtu wa Malindi nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho, na meno bado yaligongana. Chakula ni wali, maharage na mchuzi wa kuku, watu wote meza moja. Niliuliza kuhusu kuku, mpishi akaniletea sahani ya dengu bila kusubiri nieleze.

Saa mbili usiku nilitoka nje, nikazima taa, nikakaa juu ya jiwe. Ukungu ulikuwa umeshuka chini ya miguu yangu. Nusu saa hakuna kitu. Nilianza kujiambia kwamba nimechelewa msimu, kwamba wote wameshakwenda.

Kisha kwenye genge la upande wa kulia sauti moja. Ilianza kama mtu anayevuta pumzi kwa filimbi, ikapanda, ikakatika ikawa kuk-kuk-kuk ya haraka. Ya pili ikajibu mbali. Halafu mvumo wa mabawa ulipita juu ya kichwa changu, karibu hivi kwamba niliusikia upepo wake shingoni, na sikuona chochote. Mikono ilinitetemeka, na si kwa baridi. Nilikaa hadi saa nne. Milio niliyoandika ni tisa.

Wapo wanaopanda kule juu kutega paka-mwitu na panya, maana paka huingia hadi kwenye viota na kuua hata ndege wazima, na petreli hutaga yai moja tu kwa mwaka. Nilipolala niliwaombea watu hao.

Siku ya 6: Kileleni na kushuka

Saa tisa usiku watu wote wakaamka. Kilele ni mita 3,070, hakuna kirefu kuliko hicho katika visiwa vyote vya Bahari ya Hindi. Jua lilipotoka, kivuli cha mlima kilijilaza juu ya mawingu upande wa magharibi kama pembetatu. Kusini-mashariki ulionekana mlima mwingine, Piton de la Fournaise, ambao bado unatema moto mara kwa mara. Petreli hawakuonekana hata mmoja, wakati huo wameshafika mbali baharini.

Kushuka kuliniumiza magoti kuliko kupanda. Nilifika Cilaos saa nane mchana, nikalala bila kula.

Saa tano usiku binti wa mwenye nyumba aligonga mlango. "Njoo. Wamempata mmoja."

Jirani alikuwa amemkuta kando ya ukuta wa gereji, mahali mtu alipoiacha taa inawaka. Alikuwa ndani ya boksi la viatu lililotobolewa matundu. Walinifungulia kidogo tu, kwa mwanga wa simu uliozibwa na kidole. Mdomo mweusi uliopinda, juu yake kile kimrija cha pua ambacho hutolea chumvi, macho meusi, na kichwani bado vishungi vya manyoya ya utotoni. Harufu yake ni ya mafuta na ya kale, kama kabati lililofungwa. Uzito wake ni gramu 400 hivi, chini ya nusu kilo ya sukari.

Mkifika Aprili na kumkuta mmoja: mfunikeni kwa kitambaa, mwekeni kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya. Msimpe chakula wala maji. Msimrushe hewani hata kidogo. Mpelekeni kituo cha zima moto au muwapigie SEOR, jumuiya ya wanasayansi wa ndege wa Réunion, ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiokoa maelfu ya petreli wa aina hii.

Siku ya 7: Kushuka na boksi

Jirani yule alikuwa anateremka Saint-Louis kwa kazi zake. Akanipa nafasi mbele na boksi mapajani. Kona zile mia nne nilizihesabu kwa vidole vya ndege vilivyokuwa vikikwaruza karatasi. Hakuwasha redio njia nzima. Nilitaka kuchangia petroli, akakataa, akanifungia mkono kwenye noti yangu.

Tulimkabidhi ndege kwa watu wanaojua, wakampima, wakamtazama mabawa. Walisema ni mzima, kesho jioni ataachiwa na wenzake wawili. Nilipouliza kama naweza kuja, mama aliyekuwa akiandika alinitazama nguo zangu za mlimani, akaniandikia saa na mahali kwenye kipande cha karatasi.

Siku ya 8: Ufukoni

Ndege yangu ya kurudi ilikuwa usiku wa manane, kwa hiyo nilikuwa na siku nzima. Asubuhi nilikwenda Grande Anse kutazama Petite-Île, kisiwa kidogo cha mwamba karibu na ufuo, ambako hutaga membe wa kahawia. Ni vizuri, lakini sikuwa na utulivu.

Jumla ya gharama za siku nane, bila tiketi na viza, ilikuwa yuro 418. Ingekuwa zaidi kama si ukarimu wa watu.

Jioni tulikuwa watu watano juu ya genge la mawe meusi. Yule jirani naye alikuja, na binti yake wa miaka minane hivi. Mtoto ndiye aliyemtambua wetu, kwa pete mpya mguuni aliyokuwa ameisoma namba. Wa kwanza aliwekwa kwenye kiganja, akageuzwa kukabili upepo, akaenda mara moja. Wa pili vivyo hivyo.

Wetu alikaa. Alikaa dakika tatu nzima kwenye ule mkono ulionyooshwa, upepo ukimpanga manyoya, akitazama maji. Hakuna aliyesema neno. Akafungua mabawa, akayafunga. Akafungua tena, na safari hii hakupiga hata mara moja, aliuegemea upepo tu na mkono ukabaki mtupu. Nilimfuata kwa darubini chini juu ya mawimbi, akiinama kulia, kushoto, kulia, mpaka nikawa sioni tena kama ni yeye au ni povu. Kwa wakati huo wa mwaka wanaelekea mashariki, katikati ya bahari, upande wa Australia.

Mtoto alilichukua lile boksi la viatu, akalikung'uta, akatoa nyoya moja akaliachia upepo. Baba yake akalikunja vizuri na kulirudisha kwenye buti la gari. Giza la mwezi lilikuwa limebakiza siku tatu.